Kupima koili na kapasita ndogo kwa vyombo vya enzi za valvu

Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita 1, uzungushe mara 10 kwenye kijiti cha milimita 9, kisha uvute kidogo mpaka koili iwe na urefu wa sentimita 1.5. Fomula aliyoichapisha Harold Wheeler nchini Marekani mwaka 1928, ambayo wajenzi wa redio wangali wanaitumia, inatoa jibu la takriban mikrohenri 0.5. Koili za ukubwa huu zimo ndani ya redio za mawimbi mafupi na ndani ya vichujio vya transmita. Kando yake hukaa kapasita za pikofaradi 5, 10, 47 au 100. Vipande hivi ndivyo vinavyoamua redio itashika stesheni gani, na ndivyo vinavyomtesa fundi kuliko vyote pale anapotaka kujua thamani yake ya kweli.

Mateso yanaanzia kwenye masafa. Madaraja ya kupimia yaliyojaa maabara za kale, kama 650-A ya kampuni ya General Radio ya Cambridge, Massachusetts, yalipima kwa mlio wa kilohezi 1. Kwa kazi ya simu na vikuza sauti mlio huo ulitosha kabisa. Lakini katika kilohezi 1 koili yetu ya mizunguko 10 inaukinza mkondo kwa omu 0.003 tu, huku ukinzani wa shaba yenyewe ukiwa karibu omu 0.007. Kitu tunachokitafuta ni kidogo kuliko uchafu uliokizunguka, na bado hatujahesabu nyaya za kuunganishia. Kwa kapasita tatizo limekaa upande wa pili. Pikofaradi 10 katika kilohezi 1 ni sawa na omu milioni 16, na nyaya mbili za kupimia zikilala pamoja juu ya meza huwa na kapasitansi inayoizidi hiyo kapasita yenyewe. Koili ndogo inaonekana kama waya ulioungana, kapasita ndogo inaonekana kama waya uliokatika.

Vipimaji vidogo vya bei nafuu vinavyouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli jijini Nairobi havikukiepuka kikwazo hiki. Ni vyombo vya msaada mkubwa kwa kutambua transista na kapasita za kawaida, lakini vingi vinaanza kupima koili kwenye mikrohenri 10 na kapasita kwenye pikofaradi 25. Chini ya hapo hukataa, au hutoa namba ambayo fundi mwangalifu hawezi kuitegemea. Kwa hiyo mtu anayejenga redio ya mawimbi mafupi leo anajikuta palepale alipokuwa mwenzake wa mwaka 1935, na majibu ambayo mwenzake huyo aliyapata yanastahili kutazamwa upya. Naona yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu yalijengwa juu ya mbinu mbili ambazo hazizeeki: kupima kipande kwenye masafa kitakayofanyia kazi, na kupima tofauti badala ya kiasi chenyewe.

Mbinu ya kwanza inaegemea rezonansi. Koili na kapasita zikiunganishwa pamoja zina masafa yao maalumu, na masafa hayo yanajulikana kwa hesabu nyepesi: gawa 25,330 kwa masafa ya megahezi yaliyozidishwa kwa yenyewe, kisha gawa tena kwa pikofaradi, na jibu ni mikrohenri. Ukiwa na kapasita unayoiamini, unachohitaji ni kuyajua masafa tu. Koili yetu ya mikrohenri 0.5 ikiwekewa pikofaradi 100 inapaswa kuitika karibu na megahezi 22.5. Katika masafa hayo inaukinza mkondo kwa omu 71, kiasi ambacho chombo chochote cha redio kinakiona bila shida.

Chombo cha bei ndogo kilichofanya kazi hii kwa nusu karne ni dipa ya gridi. Ni osileta ya valvu moja, ndogo ya kushikwa mkononi, yenye koili yake imechomekwa nje na mita inayoonyesha mkondo wa gridi. Ukiisogeza karibu na saketi unayoichunguza na kuzungusha kapasita yake, saketi hiyo hunyonya nishati pale masafa yanapolingana, na mshale wa mita huanguka. James Millen wa Malden, Massachusetts, aliuza dipa yake mashuhuri ya 90651, iliyoanzia megahezi 1.7 hadi 300 kwa seti ya koili za kubadilisha. Kampuni ya Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, iliwauzia wengine vifurushi vya kujiundia wenyewe. Chombo hakihitaji kugusana na kinachopimwa wala kuwashwa kwa redio inayochunguzwa, na hilo ndilo lililokipa umaarufu.

Watu wengi huitumia dipa vibaya, kisha wakailaumu. Kosa la kwanza ni kuisogeza karibu mno. Mshale unaanguka kwa kishindo, mtu anafurahi, anasoma namba. Lakini saketi mbili zikikaribiana kiasi hicho zinavutana, na masafa yanayosomwa si ya saketi wala si ya dipa. Njia sahihi ni kuutafuta mwanguko ukiwa karibu, kisha kurudi nyuma pole pole mpaka mshale ubaki ukitikisika kidogo tu, na kuupita mwanguko huo mara mbili, ukitokea chini na ukitokea juu. Namba zikitofautiana, bado uko karibu mno.

Kosa la pili ni kuuamini uso wa dipa. Alama zilizochapwa pale zinaweza kupotoka kwa asilimia 2 au 3, na kwa kuwa masafa katika hesabu yetu yanazidishwa kwa yenyewe, kosa la asilimia 3 linakuwa asilimia 6 kwenye mikrohenri. Wazee wa fani walikuwa na dawa ya jambo hili. Waliwasha redio ya mawimbi mafupi yenye kipimo kizuri, wakaisikiliza ishara ya dipa ndani yake, na wakasoma masafa kwenye redio. Wengine walitumia BC-221, chombo cha kupimia masafa cha jeshi la Marekani cha wakati wa Vita Kuu ya Pili, chenye kioo cha megahezi 1 ndani yake na kitabu cha namba kilichoandaliwa kwa ajili ya chombo hicho kimoja tu, si kingine. Mtu akiuziwa BC-221 bila kitabu chake ameuziwa sanduku. Leo kihesabu masafa cha bei ndogo kinatosha. La muhimu ni kusoma masafa dipa ikiwa palepale ilipoupata mwanguko. Ukiiondoa kwanza ndipo uipime, masafa yanasogea, na kazi yote ya uangalifu inapotea.

Tuseme basi mwanguko umeonekana kwenye megahezi 21.9 badala ya 22.5. Hesabu inatoa mikrohenri 0.528. Je, Wheeler alikosea? Hapana. Fomula yake ina uhakika wa karibu asilimia 1 kwa koili za umbo hili, lakini inahesabu koili peke yake. Sisi tumepima koili pamoja na miguu ya kapasita. Waya wa kawaida hubeba takriban nanohenri 1 kwa kila milimita, kwa hiyo miguu miwili ya sentimita 1 na kitu, pamoja na tone la lehemu, inatosha kueleza hizo nanohenri 28 za ziada. Mtu anayepima mikrohenri 100 hana haja ya kulijua hilo. Anayepima 0.5 asipolijua atakunja koili upya mara nne, akitafuta kasoro ambayo haimo kwenye koili.

Kuna koili ambazo dipa haizioni kabisa. Zile zilizokunjwa kwenye duara la chuma cha unga, kama T50-2 nyekundu inayopendwa na wajenzi wa vichujio, hufungia usumaku wake ndani ya duara. Mizunguko 14 juu ya T50-2 ni takriban mikrohenri 0.96, thamani ya kawaida kwa bendi ya mita 40, lakini dipa ikisogezwa pembeni mshale hautikisiki. Mtu anaweza kudhani koili imekatika. Dawa ni kupitisha waya mmoja katikati ya duara, kuufunga uwe kitanzi kikubwa cha mzunguko mmoja, na kuisogeza dipa kwenye kitanzi hicho. Kitanzi nacho kinaongeza kosa lake, ila ni dogo kikiwa kimelegezwa vya kutosha.

Dipa, kwa maoni yangu, ni chombo cha kutafutia. Inakujulisha uko wapi. Ukitaka kujua thamani kwa asilimia 1 au 2, na zaidi ya hapo ukitaka kujua ubora wa koili (Q), unahitaji Q-mita, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sikioni chombo kingine cha zamani kilicholielewa tatizo hili kwa undani kama hicho.

Kampuni ya Boonton Radio ilianzishwa New Jersey mwaka 1934, na Q-mita ndiyo iliyoipa jina mpaka iliponunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 1959. Modeli ya 160-A ilienea maabara nyingi, na 260-A iliyofuata katika miaka ya 1950 bado inapatikana kwa wauzaji wa vitu vya kale, ikipima kuanzia kilohezi 50 hadi megahezi 50. Kazi yake ni ya wazi. Osileta inapitisha mkondo katika kizuizi kidogo sana, omu 0.02 kwenye 260-A. Mkondo wa ampea 1 ukipita hapo unazaa volti 0.02, na volti hizo zinaingizwa mfululizo na koili yako pamoja na kapasita kubwa ya kuzungusha, ya takriban pikofaradi 30 hadi 450. Ukiizungusha kapasita mpaka rezonansi, volti zilizo juu yake hupanda kwa kiasi kilekile cha ubora wa koili. Koili yenye Q ya 200 inageuza volti 0.02 kuwa volti 4, na mita ya valvu inaonyesha moja kwa moja 200. Uso wa kapasita una pia mistari ya mikrohenri. Ukiiweka osileta kwenye megahezi 25 unasoma koili za 0.1 hadi 1, kwenye 7.9 unasoma 1 hadi 10, kwenye 2.5 unasoma 10 hadi 100. Hakuna hesabu.

Uzuri wake mkubwa hauko kwenye mistari hiyo, uko kwenye uhuru wa kuchagua masafa. Koili yoyote ina kapasitansi yake ya siri, kwa sababu kila mzunguko wa waya ni jirani wa mwenzake. Q-mita inaifichua kwa vipimo viwili tu. Weka megahezi 2.5 na utafute rezonansi, tuseme imepatikana kwenye pikofaradi 200. Kisha weka megahezi 5, maradufu kamili, na utafute tena, tuseme imepatikana kwenye 46. Kama koili ingekuwa safi, namba ya pili ingekuwa robo ya ile ya kwanza, yaani 50. Toa mara nne ya 46 kwenye 200, zinabaki 16, gawa kwa 3. Kapasitansi ya siri ni pikofaradi 5.3, na thamani ya kweli ya koili ni mikrohenri 19.7.

Sasa angalia nini kingetokea bila hesabu hiyo. Kwenye megahezi 2.5 ungeandika mikrohenri 20.3, kosa la asilimia 2 na kitu, linalovumilika. Kwenye megahezi 5 ungeandika 22, kosa la zaidi ya asilimia 11. Watu wawili wenye vyombo sahihi, wakipima koili ileile kwa uaminifu, wangetofautiana na kila mmoja angekuwa na haki. Koili haina namba moja. Ina namba kwa kila masafa, na chombo kinachopima kwa masafa mamoja yaliyofichwa ndani ya boksi kinamnyima mtumiaji nafasi ya kuliona jambo hilo. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niitetee Q-mita mbele ya vipimaji vingi vya tarakimu.

Kwa kapasita ndogo, Q-mita inatumia mbinu ya pili niliyoitaja, ile ya tofauti, na hapa inafanya kazi ambayo kwa hakika ni ya kupendeza. Unaweka koili yoyote nzuri kwenye vishikio vyake, hata kama thamani yake huijui. Unatafuta rezonansi na kusoma kapasita ya chombo. Kisha unaunganisha kapasita ndogo sambamba na ile ya chombo, rezonansi inapotea, na unairudisha kwa kupunguza kapasita ya chombo. Kiasi ulichopunguza ndicho kiasi cha kapasita uliyoiongeza. Ni sawa na sonara anayeweka sahani tupu kwenye mizani kwanza: kila kilichokuwepo kabla, waya, vishikio, valvu, koili na kapasitansi yake ya siri, kimehesabiwa pande zote mbili na kikafutika. Kwa kapasita za pikofaradi chache chombo kina kapasita ndogo ya pembeni, yenye kusogea pikofaradi 3 juu na 3 chini, iliyogawanywa kwa sehemu za kumi za pikofaradi. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kutofautisha 2.2 na 2.4 bila wasiwasi.

Kinachoweza kuiharibu mbinu hii ni kusogea kwa chochote katikati ya vipimo viwili. Kama waya wa kuunganishia unakuwepo kwenye kipimo cha pili tu, umepima waya pamoja na kapasita. Kwa hiyo miguu hubaki mahali pake tangu mwanzo, na kinachofanywa ni kuugusisha mguu mmoja au kuuachanisha kwa milimita chache. Mkono ukikaribia, sehemu ya kumi ya pikofaradi inapotea. Hata kifuniko cha chuma cha koili kiunganishwe na ardhi ya chombo kabla ya kuanza.

Urefu wa miguu ya kapasita nao una neno la kusema, na watu wengi hawaupi uzito. Kapasita ya pikofaradi 100 yenye miguu miwili ya sentimita 2 imebeba karibu nanohenri 40. Katika megahezi 50 usumaku wa miguu hiyo unaifanya ionekane kama pikofaradi 165. Haijaharibika na haijaandikwa uongo. Ukikata miguu ibaki milimita 3 itarudi karibu na 100. Ile ya pikofaradi 10 yenye miguu hiyohiyo inapotoka kwa takriban asilimia 4 tu. Kipande kikubwa ndicho kinachoumia zaidi hapa, kinyume na mtu anavyotarajia, na wengi waliolalamika kwamba kapasita za dukani hazina ukweli walikuwa wanapima miguu.

Kwa koili zilizo chini ya mikrohenri 0.1, Q-mita yenyewe inaanza kuchoka. Kwenye megahezi 50, huku kapasita yake ikiwa imefika mwisho, koili ndogo inayoweza kuitika ni ya takriban nanohenri 23, na nyaya za ndani ya chombo zenyewe zina kiasi kinachokaribia hicho. Lakini mbinu ya tofauti inarudi kuokoa. Unaweka koili saidizi, mfululizo na kipande kifupi cha bati ya shaba mahali itakapokaa koili ndogo. Tuseme kwenye megahezi 25 rezonansi iko kwenye pikofaradi 300. Toa bati, weka koili ndogo, na rezonansi inahamia 250. Hesabu inatoa nanohenri 27. Mabadiliko ya pikofaradi 50 yanasomeka vizuri kabisa, ingawa kilichopimwa ni kama sentimita tatu za waya.

Q yenyewe isomwe kwa tahadhari. Zile omu 0.02 za kizuizi zinaingia katika hesabu ya koili. Koili yetu ya mizunguko 10 ikiwa na Q ya 300 kwenye megahezi 22.5 ina upotevu wa omu 0.236, kwa hiyo mita itaonyesha 277. Koili ya mikrohenri 0.1 yenye Q ya 200 kwenye megahezi 25 itaonyesha karibu 160. Koili ikiwa ndogo na bora zaidi, chombo kinazidi kuidhulumu. Hewlett-Packard walipotoa 4342A waliingiza volti hizo kwa transfoma badala ya kizuizi, na dhuluma hiyo ikapungua sana. Hata hivyo kwa kulinganisha koili mbili, moja ya waya mwembamba na nyingine ya waya mnene, 260-A ni hakimu mwaminifu: zote mbili zimetozwa ushuru uleule.

Waingereza walikuwa na njia zao. Marconi Instruments wa St Albans walitengeneza Q-mita ya TF 1245, ambayo osileta zake, TF 1246 na TF 1247, ziliuzwa kando. Mnunuzi wa leo mara nyingi hukuta mita bila osileta, na aulize hilo kabla ya kulipa. Wayne Kerr walifuata mkondo tofauti. Walijenga madaraja yao juu ya wazo la Alan Blumlein, mhandisi aliyebuni pia sauti ya stirio na aliyefariki mwaka 1942 katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribu rada. Daraja lake linalinganisha kwa transfoma iliyokunjwa kwa ukaribu mkubwa. Faida yake ni kwamba kapasitansi ya nyaya kwenda ardhini haiathiri jibu, kwa hiyo kapasita ya pikofaradi 1 inaweza kupimwa ikiwa mwisho wa kebo ndefu, au hata ikiwa bado imechomelewa ndani ya saketi kama sehemu nyingine zimeunganishwa na ardhi. Kwa kapasita ndogo peke yake, sioni cha zamani kinachowashinda. Kwa koili za nanohenri madaraja hayo bado yanasumbuliwa na masafa ya chini.

Tektronix, wanaojulikana zaidi kwa osiloskopu, walitoa katika miaka ya 1950 kitu cha pekee: Type 130. Kina osileta mbili za kilohezi 140. Moja imetulia, nyingine inashuka unapounganisha kipande. Mita inaonyesha tofauti kati yao kwa mikrohenri au pikofaradi, kuanzia safu ya 0 hadi 3 mpaka 0 hadi 300. Kina pia kishikio cha ulinzi kinachofuata volti ya kipimo, ili sehemu za jirani ndani ya saketi zisihesabiwe. Ni chombo cha haraka na cha kufurahisha, na mtu anayepanga kapasita 50 za pikofaradi 22 kwa makundi ataipenda kasi yake. Lakini kinapima kwa kilohezi 140 tu, na cha kusema kuhusu Q hakina.

Wazo hilohilo la osileta inayoshushwa na kipande ndilo lililomo ndani ya vipimaji vingi vya LC vya tarakimu vinavyoundwa na wapenzi wa redio leo, isipokuwa kwamba kidude kidogo cha kompyuta kinafanya hesabu na kapasita ya asilimia 1 ndiyo shahidi. Vinafika chini vizuri kuliko vile vya kutambua transista, na sina sababu ya kumzuia mtu kuvinunua. Ninachokataa ni imani kwamba tarakimu nne zina maana nne. Kipimaji kikiandika 0.5281, tarakimu mbili za mwisho ni za urefu wa nyaya zake na joto la chumba. Kwa masafa ya juu ya megahezi 50, kichanganuzi kama NanoVNA kinawapita wazee wote waliotajwa hapa, na kinakuonyesha kipande kikibadilika katika masafa yote kwa mpigo mmoja. Udhaifu wake ni kwamba kimejengwa kuzunguka omu 50. Pikofaradi 1 kwenye megahezi 1 ni karibu omu 160,000, mbali mno na hapo, na kwenye kona hiyo daraja la Wayne Kerr la kale linatoa jibu la kuaminika zaidi.

Anayetaka kununua chombo cha aina hii ajue ananunua na kazi ya ukarabati. Vingi vilivyotoka Marekani vinataka volti 115 au karibu na hapo, na kuvichomeka kwenye volti 230 hadi 240 za Dar es Salaam au Nairobi bila transfoma ni kuvichoma. Kapasita za karatasi za ndani zimeshavuja. Zibadilishwe kabla chombo hakijawashwa, kwa kuwa kapasita inayovuja kwenye gridi ya mita ya valvu inasogeza sifuri na kuharibu kila usomaji wa Q. Ndani mna volti mia kadhaa zinazobaki hata baada ya kuzima. Pwani kuna tatizo la ziada la unyevu: vishikio vya juu vya Q-mita vikishika chumvi na vumbi, Q zote zinashuka pamoja, na fundi atalaumu koili zake. Spiriti na kitambaa safi vinarudisha hali.

Sehemu ya kuogopa zaidi kwenye Q-mita za Boonton ni thamokapo inayopima mkondo wa osileta. Ni uzi mwembamba uliowekwa kufanya kazi karibu na kikomo chake, na anayezungusha kitufe cha nguvu kupita alama kwa sekunde moja anaweza kuuunguza. Kupata mwingine ni taabu, na kwenye 160-A hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo kitufe hicho kirudishwe sifuri kabla ya kubadilisha bendi, kila mara, kwa sababu nguvu ya osileta haibaki ileile kutoka bendi moja hadi nyingine. Anayekwenda kukagua chombo kabla ya kukinunua aanze na kipimo hiki: washa, subiri kipate joto, pandisha nguvu taratibu kwenye bendi ya chini, uone kama mshale wa mkondo unainuka. Usipoinuka ilhali osileta inasikika kwenye redio ya pembeni, thamokapo imekwisha. Bei ishushwe kulingana na hilo, kwa sababu bila thamokapo Q haisomeki, ingawa kapasita ile kubwa ya kuzungusha na mbinu yote ya tofauti bado ni nzima, na kwa mtu mwenye kihesabu masafa na voltimita ya masafa ya redio inabaki kuwa mali.